Wiki Niliyomsomea Shangazi Peponi

Katikati ya mwaka 2023, kusi likivuma, shangazi yangu aliondolewa mtoto wa jicho, nami nikatumwa na ndugu nikakae naye kwake Ngamiani, Tanga. Kazi nilizopewa zilikuwa wazi: nimtie dawa ya matone kwa saa zake, nimpikie, nihakikishe hainami wala hafikichi jicho, na nisimwache akatoka alfajiri kwenda kufagia uwanja kama alivyozoea. Kuna moja ambayo hakuna aliyeikumbuka. Nani angemjazia zile saa za baada ya isha, ambazo kwa miaka na miaka zilikuwa za televisheni?

Shangazi ni mtu wa tamthilia, na kwake hilo si jambo la kupitishia muda. Sebule yake ndiyo iliyonifundisha kufuatilia hadithi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kundi la maigizo la Kaole likionyeshwa ITV na akina Kanumba, Ray na Johari bado vijana, sisi watoto tulikaa kwenye mkeka, wakubwa kwenye makochi, na waliokosa nafasi walisimama nje wameshika nondo za dirisha. Shangazi alikaa kiti kile kile, kanga begani, na mhusika akidanganya alimjibu papo hapo. Alikuwa hakimu. Akishamtoa mtu maanani, hata alie vipi, heshima yake hairudi. Baadaye ikaja Jua Kali ya Lamata, halafu zile za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, na hizo ndizo zilizomteka kabisa.

Usiku wa kwanza baada ya upasuaji alitaka asikilize tu. Jicho moja limefunikwa, la pili nalo lilishaanza kuingia ukungu, lakini masikio, akasema, anayo. Nikawasha. Muziki ukapiga, ukapiga, hakuna anayesema.

"Wanafanya nini?"

"Wanatazamana, Shangazi."

Muziki ukaendelea.

"Na sasa?"

"Bado wanatazamana."

Akaniambia nizime. Alihuzunika kweli, na mimi nikahuzunika naye, maana nilijua anavyowapenda watu wale. Sikuwahi kufikiri ni kiasi gani cha tamthilia hukaa kwenye nyuso: jicho linalolengwalengwa na machozi, mkono unaositasita kwenye kitasa. Asiyeona anabaki na muziki. Nasema hivi nami ni mpenzi wa televisheni. Siri ya Mtungi, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2012, naiweka juu ya tamthilia zote za kwetu nilizowahi kuona, na nikijiuliza kwa nini, jibu la kwanza linalonijia ni la macho: Cheche mpiga picha na mkewe Cheusi wanavyokwepana ndani ya nyumba moja, na Bagamoyo yenyewe, kuta zake na mwanga wake wa jioni. Vitu hivyo havisikiki.

Kwenye mkoba wangu mlikuwa na riwaya iitwayo Peponi. Nilikuwa nimeimaliza muda mfupi kabla ya safari na bado sikutaka kuachana nayo. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja mwaka 1948, aliiandika kwa Kiingereza na ikatoka mwaka 1994. Nilikuwa nimeisoma hivyo chuoni. Alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi Oktoba 2021, watu wengi wa kwetu walilitaja jina lake kwa fahari bila kuwa na riwaya yake hata moja waliyoweza kumsomea mama zao. Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wakaitoa hii kwa Kiswahili, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Shangazi anasoma Kurani na anasoma magazeti, lakini riwaya hakuwahi kukaa nayo. Nikamwambia nina hadithi ya mtoto aliyechukuliwa kwao. Akasema, "Haya, anza."

Mtoto mwenyewe ni Yusuf, ana miaka 12. Baba yake ana hoteli ndogo Kawa, mji uliochangamka Wajerumani walipoufanya kituo cha kujengea reli, kisha ukadoda reli ilipokwenda mbele. Tajiri Aziz huja kutoka pwani akinukia manukato, hukaa kidogo, na akiondoka humwachia mtoto sarafu. Safari moja anaondoka na mtoto.

Reli ilipotajwa tu, Shangazi alikaa vizuri. Reli ya kwetu ilianza kujengwa hapo hapo Tanga mwaka 1893 ikafika Moshi mwaka 1911, na babu yake aliifanyia kazi. "Hiyo ni yetu," akasema. Nikamweleza kuwa Kawa ni mji wa kubuni, na mji wa pwani anakopelekwa Yusuf mwandishi hakuutaja jina. "Hata asitaje," akajibu, na suala hilo likaishia hapo.

Tulipofika kituoni, mtoto anapandishwa garimoshi, akanikatiza.

"Baba yake anajua?"

"Anajua."

"Na mama?"

"Naye anajua."

Akanyamaza. Nikaendelea mpaka pale Khalil, kijana anayeuza dukani kwa Aziz, anapomfungulia Yusuf siri kwamba Aziz, aliyemdhania ndugu, si ndugu yake hata kidogo, aitwe Seyyid kama wengine wanavyomwita, na kwamba yeye Yusuf amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Khalil naye ni rehani. Shangazi akanirudisha nyuma. Alitaka nimsomee tena sehemu zote za mama. Ni chache. Nilipozimaliza akasema mama yule hakupewa nafasi ya kusema, na akataka kujua kama atarudi mbele ya hadithi. Mimi nilikuwa nimemfuata Yusuf bila kugeuka nyuma. Shangazi alibaki Kawa na mama kwa muda mrefu, na kila jioni alianza kwa kuuliza habari zake.

Jirani yake akawa anakuja kusikiliza, akileta kashata na birika la kahawa. Ikawa kuna saa maalumu. Safari ya bara niliyodhani itawachosha ndiyo waliyoitaka irefuke: wapagazi, homa, mnyapara Mohammed Abdalla ambaye Shangazi alimchukia kuanzia neno lake la kwanza, na Chatu, mtawala wa huko bara, anayeunyang'anya msafara wa Aziz mali zake. Hapo aliniambia, tena kwa uzito, kwamba Chatu alikuwa na haki ya kuuliza wageni wamekuja kutafuta nini.

Kuna Singasinga kwenye riwaya, Kalasinga, fundi wa mitambo, ambaye ana azma ya kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili ili Waswahili wakione wenyewe kile anachokiita ukatili wa Mungu wao. Jirani aliguna. Shangazi akasema astaghfirullah, kisha akaomba nirudie. Akasema huyo amechelewa, sisi tunayo, na akaelekeza kidole kabatini kwenye Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, ile iliyokamilika mwaka 1969. Nikamweleza kuwa Kalasinga si wa ajabu kama anavyoonekana, kwani tafsiri kamili ya kwanza ya Kiswahili, ya mwaka 1923, ilifanywa na Godfrey Dale, padri wa misheni Unguja. Hilo lilimfurahisha. Alipenda kujua kwamba mtu mgeni anaweza kuhangaika na maneno yetu kiasi hicho, hata kama nia yake si yetu.

Halafu tukaingia bustanini. Nyumba ya Aziz ina bustani yenye ukuta, maji yanapita ndani yake, Mzee Hamdani anaitunza, na vioo vimetundikwa mitini. Bibi wa nyumba ana alama usoni na hatoki; anamwona Yusuf kupitia vile vioo. Anaamini kijana yule mzuri atamponya. Jina la bibi lilipotajwa, Zulekha, Shangazi aliweka kikombe chini.

"Yusuf na Zulekha nyumba moja?"

"Ndiyo."

"Na bwana kasafiri?"

"Kasafiri."

Akamtazama jirani kwa lile jicho lililo wazi, na jirani akavuta mkeka karibu. Sikusema kitu. Niliendelea kusoma, Yusuf anaitwa ndani, siku inapita, anaitwa tena, na nilihisi wanawake wale wawili wanajua njia ninayokwenda kuliko mimi niliyeshika kitabu. Kwenye kurasa ambapo Zulekha anamkamata na Yusuf anakimbia, kabla sijafika mwisho wa sentensi, Shangazi akauliza:

"Shati limechanika mbele au nyuma?"

Nywele zilinisimama. Nikamsomea. Nyuma.

"Basi hana kosa," akasema.

Nilikuwa naijua Surat Yusuf, kisa cha Nabii Yusuf na mke wa bwana wake aliyemtaka, kama kila mtoto aliyepita madrasa. Chuoni niliandika hata insha juu ya riwaya hii. Lakini kuijua aya na kuona mtu anaihukumu kesi kwa aya hiyo, usiku, sebuleni Ngamiani, ni mambo mawili. Aliniambia nilete msahafu wa Sheikh Farsy. Nikafungua sura ya 12, nikamsomea pale shahidi wa jamaa za mwanamke anaposema kanzu ikiwa imechanwa mbele, mwanamke amesema kweli, na ikiwa imechanwa nyuma, mwanamke amesema uongo. Tukarudi kwenye riwaya. Shangazi akataka kujua shahidi wa huku ni nani. Nikajibu kwamba huku hakuna shahidi wa namna hiyo, kuna tajiri Aziz anayerudi safarini na kuulizia habari kwa upole wake ule ule. "Upole wa mwenye deni mkononi," akasema jirani, na hilo lilikuwa neno bora kuliko lolote nililoliandika kwenye insha yangu.

Mwisho wa Peponi ni mgumu, na nilisoma usiku huo nikiwa na wasiwasi. Yusuf anampenda Amina, ambaye Khalil anamwita dada na Aziz kamfanya mke wa pili, naye kaingia nyumba ile kwa deni lile lile. Vita vya Wajerumani na Waingereza vinakaribia. Askari wanapita wakikamata watu. Yusuf na Khalil wanajificha. Msafara unapoondoka na mateka wake, Yusuf yuko nje, anasikia nyuma yake kama mlango wa bustani unatiwa komeo, na anaukimbilia ule msafara.

"Endelea," akasema Shangazi.

"Kimekwisha."

"Haiwezekani."

Akanyoosha mkono nikampa kitabu. Akapapasa kwa vidole upande wa kulia, akatafuta kurasa zilizobaki, akakuta jalada.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, na tulienda mpaka usiku wa manane. Shangazi alisema Yusuf ameruka majivu akakanyaga moto. Watu wa Tanga hawahitaji kuelezwa vita vile. Novemba 1914 vilipiganwa humu humu mjini. Anawakimbilia nani? Wajerumani? Nikamtetea. Nikasema toka ana miaka 12 anapelekwa, anaitwa, anatumwa, na hii ndiyo mara ya kwanza miguu yake inakwenda anakotaka mwenyewe, hata kama ni kubaya. Nikasema mwandishi angemwoza Amina na kumpa duka, tungefurahi usiku mmoja tukasahau.

"Mimi simsemei Yusuf," akasema. "Nauliza Amina kaachiwa nani."

Nikataja Khalil.

"Ehe. Khalil yupo. Wewe unamwona mjinga kwa sababu hakutoka, mimi namwona ndiye aliyekaa na dada yake. Sasa mwenye kukimbia anaandikiwa kitabu, mwenye kubaki hata ukurasa wa mwisho hapewi."

Nilibaki na msimamo wangu, na ninao mpaka leo: mwisho ule ni wa kweli, na riwaya ingeharibika kwa mwisho mwingine wowote. Lakini sijaweza tena kulisikia lile komeo kama nilivyolisikia mwanzo. Nilipoisoma peke yangu lilikuwa linamfungia Yusuf nje. Sasa nasikia linawafungia wengine ndani, Amina, Zulekha na vioo vyake, Mzee Hamdani, na huko Kawa mama ambaye Shangazi aliuliza habari zake mpaka jioni ya mwisho bila kupewa jibu la kutosha.

Siku ya kuondoka kwangu jicho lilikuwa limeshafunguliwa, dawa zimepungua, na tamthilia ya Kituruki imerudi mahali pake. Shangazi aliitazama kwa mapenzi yale yale, akimkosoa kila anayestahili. Wakati wa matangazo akaniuliza safari ijayo nitamletea kipi. Nikamwambia nafikiria Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999, iliyotengenezwa filamu mwaka 2021. Ina msichana wa Unguja, Yasmin, aliyeozwa kwa mwanamume wa makamo ambaye hakumtaka.

"Anabaki?"

"Habaki. Anamwacha."

"Anatoroka na nani?"

"Peke yake."

Matangazo yalikuwa yamekwisha. Akapunguza sauti kwa rimoti.

"Kilete hicho," akasema, "na usingoje niugue."