Fomu Iliyokufa Kila Nikiondoka

"Kwangu inafanya kazi." Maneno hayo niliyaandika mara tatu ndani ya wiki tatu, na mara zote tatu nilikuwa nasema kweli.

Nilikuwa natunza, kwa kujitolea, tovuti ndogo ya chama cha wasomaji vitabu. Iliendeshwa kwa WordPress, programu ya kutengeneza na kuendesha tovuti, na tegemeo lake lilikuwa fomu moja ya kujiunga. Siku moja katibu akanipigia: "Kaka, watu wanalalamika. Wanajaza, wanabonyeza Tuma, kile kiduara kinazunguka weee mpaka wanachoka." Nikaingia kwa nenosiri langu, nikajaza, ikapita. Ili nisionekane nimepuuza, nikafuta kashe, yaani nakala za kurasa zinazotunzwa ili tovuti ifunguke haraka, na kumwomba naye ajaribu. Ikapita. Nikamjibu kwa madaha kuwa huenda intaneti yao ndiyo mbovu.

Siku mbili hazijaisha, imekufa tena. Nikaanza kuzima plagini, zile programu ndogo za nyongeza za tovuti, mojamoja. Nilipozima ya picha, fomu ikapona, basi nikaihukumu na kuifuta kabisa. Fomu ilipokufa tena, nikaihukumu ya ramani. Masikini, zote mbili hazikuwa na kosa: kila plagini ilipozimwa, kashe ilijifuta yenyewe, na kilichoiponya fomu kilikuwa hicho.

Wiki ya tatu katibu akasema, nusu kwa utani: "Ukija wewe inaamka, ukiondoka inalala. Kwani inakuogopa?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Sikuwahi kuitazama tovuti ile kama mgeni. Nikafungua dirisha fiche la kivinjari, bila kuingia kwa nenosiri, bila kufuta chochote, nikajaza fomu. Kiduara kikazunguka. Sijawahi kufurahia hitilafu kiasi kile! Nikabonyeza F12 kufungua zana za uchunguzi za kivinjari, nikatazama majibu ya seva: 403, yaani ombi limekataliwa, na chini yake alama mbili tu, -1. Nikafungua msimbo wa ukurasa. Mwishoni kabisa plagini ya kashe huacha mstari unaotaja lini nakala ilitengenezwa. Ilikuwa na umri wa siku tano.

Hapo nikakumbuka mkono wangu mwenyewe. Plagini ile ilikuja ikiwa imepangwa kutunza nakala kwa saa 10. Mimi, kwa tamaa ya kasi, nikaandika siku 7. Kumbe ndani ya fomu kulikuwa na tokeni ya usalama, mfuatano wa herufi na tarakimu 10, ambayo WordPress huikubali kwa saa 24 tu. Na hata hizo si za uhakika, kwa sababu muda wake hugawanywa vipande viwili vya saa 12: tokeni iliyozaliwa mwishoni mwa kipande huishi saa 12 na dakika chache tu. Kwa hiyo siku ya kwanza baada ya kufuta kashe wageni walipita vizuri. Kuanzia siku ya pili walikuwa wanapewa ukurasa wenye tokeni iliyokwisha muda. Mimi niliyeingia kwa nenosiri sikupewa nakala ya kashe hata mara moja. Ukurasa wangu ulitengenezwa upya kila nilipoufungua. Na kila nilipokuja kuchunguza, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kufuta ushahidi.

Nikarudisha saa 10. Nikafuta kashe kwa mara ya mwisho, kisha nikajizuia kuigusa kwa siku mbili, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ngumu kuliko zote. Siku ya tatu nikamwomba katibu ajaribu.

"Imepita, kaka. Asante sana." Akanyamaza kidogo. "Na wale waliojaza wiki zilizopita, majina yao tutayapata wapi?"

Ikanibidi nimweleze kwamba seva iliikagua tokeni kwanza, ikawakataa kabla ya kuhifadhi hata jina moja.