Nilivyohamisha kompyuta za steshenari kutoka Windows 10 kwenda Linux Mint

Steshenari yangu iko Morogoro, na kazi zake ni zile anazozijua kila aliyewahi kuingia kwenye duka la namna hiyo: kuchapa barua na wasifu wa waomba kazi, kupanga mitihani ya shule, kudurufu, kuwajazia watu maombi ya mtandaoni, na msimu wa harusi ukifika, kutengeneza kadi za mwaliko na za michango. Kazi hizo hufanyika kwenye kompyuta mpakato tatu aina ya HP EliteBook 840 G3, mitumba ya Ulaya ya mwaka 2016 yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha sita. Microsoft ilipositisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mashine hizo zilikuwa bado nzima kabisa, lakini Windows 11 haikuzikubali, kwa kuwa inadai prosesa iliyomo kwenye orodha yake, na kwa Intel orodha hiyo huanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache tu.

Njia zilizokuwa mbele yangu hazikuwa nyingi. Microsoft ilitoa nafasi ya kuongezewa masasisho ya usalama kwa mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026, kwa dola 30 au bila malipo kwa masharti fulani, ila huko ni kuahirisha tatizo, si kulimaliza. Wapo mafundi wanaoingiza Windows 11 kwa kuruka ukaguzi wa prosesa, na mashine huwaka vizuri tu. Hata hivyo Microsoft haiahidi masasisho kwa kompyuta iliyoingizwa mfumo kwa njia hiyo, na mimi sikutaka kuendesha biashara kwa kitu kinachoweza kugoma asubuhi ya siku ya mitihani. Kununua mashine mpya tatu kwa mpigo kulikuwa nje ya uwezo wa duka. Ndipo nilipoamua kuichunguza Linux kwa makini, mfumo ambao kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi Helsinki, na ambao leo hutolewa bure kwa sura nyingi mno kiasi cha kumchosha anayechagua.

Katika kuchagua sikuanza na sifa za mfumo wenyewe. Niliandika kwanza orodha ya vitu ambavyo visipofanya kazi duka linafungwa: printa mbili, faili za Word za wateja, kivinjari cha kujazia maombi, na faili za kadi zilizotengenezwa kwa Publisher, programu ya Microsoft ya kupangia kurasa. ChromeOS Flex, mfumo wa bure wa Google, niliiondoa mapema, kwa kuwa inategemea sana intaneti, na bando likikata, mteja hasubiri. Ubuntu, mojawapo ya sura hizo za Linux, ni nzuri na ndiyo msingi wa nyingine nyingi, lakini mpangilio wa skrini yake ni mgeni mno kwa msaidizi wangu wa dukani, aliyezoea menyu ya pembeni chini kushoto. Linux Mint, iliyoanza mwaka 2006, imeiacha menyu hiyo pale pale watu walipoizoea. Nilichukua toleo la 22 lenye sura ya Xfce, ambayo ni nyepesi kwa mashine zenye RAM ya GB 4, na toleo hilo litaendelea kupata masasisho hadi mwaka 2029.

Faili la kusakinishia lina ukubwa wa karibu GB 3, kwa hiyo nililipakua usiku. Nililinganisha namba yake ya uhakiki na ile iliyotolewa na watengenezaji, kwa sababu upakuaji uliokatika katikati huweza kutoa faili linaloonekana zima kumbe bovu. Kisha nililiandika kwenye flashi kwa programu ya Rufus, nikijua kwamba kila kilichomo kwenye flashi hiyo kitafutika. Kwenye EliteBook, ukishawasha mashine unabonyeza Esc, halafu F9, kisha unachagua flashi.

Hatua iliyofuata ndiyo ninayoipa uzito kuliko nyingine zote. Mint huwaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, na mtu anaweza kuitumia hivyo kwa muda wowote anaoutaka. Duka likiwa limefungwa, niliunganisha printa moja baada ya nyingine. Ile ya wino, Epson L3250, ilitambuliwa yenyewe na ikatoa karatasi. HP LaserJet P1102, ambayo ndiyo mfanyakazi mkuu wa duka, ilionekana kwenye orodha lakini karatasi haikutoka. Printa hiyo ni ya kundi linalohitaji kiongezi maalumu kinachopakuliwa kutoka kwenye intaneti kupitia HPLIP, programu ya kuendeshea printa za HP kwenye Linux. Niliunganisha simu kwa waya wa USB ili kupata mtandao, nikakipakua kiongezi, na printa ikaanza kuunguruma. Ningesakinisha kwanza na kugundua jambo hilo mbele ya foleni ya wateja, heshima ya mfumo mpya ingekwisha siku hiyo hiyo.

Baada ya printa nilifungua faili za mitihani. Mtihani wa shule ni kipimo kigumu kwa programu yoyote ya kuandikia, kwa sababu una majedwali ya kuoanisha, michoro iliyobandikwa juu ya maandishi, na nafasi za majibu zilizopangwa ili karatasi isizidi kurasa nne. Nilipoufungua kwenye LibreOffice, programu za ofisi za bure zinazoshika nafasi ya Word na wenzake, mtihani mmoja wa kurasa nne ulikuwa wa tano, na swali la mwisho lilikaa peke yake kwenye ukurasa wake. Chanzo kilikuwa fonti. Faili liliandikwa kwa Calibri, ambayo haitolewi bure, na mfumo uliweka fonti nyingine yenye herufi pana zaidi. Dawa yake ni fonti ya Carlito, ambayo herufi zake zina upana ule ule wa Calibri, na mwenzake Caladea kwa ajili ya Cambria. Times New Roman na Arial nilizipata kwa kusakinisha kifurushi cha fonti za Microsoft. Mtihani ulirudi kwenye kurasa nne. Kwa faili zenye visanduku vingi vya maandishi niliongeza OnlyOffice, programu nyingine ya ofisi, ambayo kwa maoni yangu huheshimu zaidi mpangilio wa Word, ingawa ni nzito kidogo.

Usakinishaji wenyewe haukuwa na makubwa, mradi faili zote ziwe zimenakiliwa kwenye diski ya nje kabla ya kuanza. Mara baada ya kumaliza niliwasha Timeshift, inayohifadhi hali ya mfumo ili uweze kuurudisha nyuma sasisho likileta kasoro.

Msaidizi wangu alizoea haraka kuliko nilivyotegemea. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Kaka, mteja akitaka Word nimwambie tunayo?" Tulikubaliana kwamba faili la mteja lihifadhiwe daima kwa muundo wa docx, na nakala ya PDF iwekwe pembeni kwa ajili ya kuchapa.

Faida iliyonishangaza ilitoka kwenye flashi za wateja. Virusi vinavyosambaa mitaani huzificha folda za mtu na kuweka njia ya mkato mahali pake, ukibofya unaviwasha. Mwalimu mmoja alileta flashi akiamini kazi zake za muhula mzima zimepotea. Kwenye Mint, virusi hivyo vya Windows havikuwaka, na nilipoifungua flashi, ilijitokeza folda isiyo na jina lolote, na ndani yake zilikuwamo kazi zake zote. Sasa wapo wanaotufuata kwa huduma hiyo tu.

Zilibaki kadi za harusi. LibreOffice Draw, programu ya kuchorea, hufungua faili za Publisher, lakini maua na fremu hutawanyika kama karata zilizomwagwa mezani. Kwa hiyo mashine moja niliiachia mifumo miwili, Windows na Mint. Upande wa Windows nilizima uwashaji wa haraka, kwa kuwa ukiachwa, Mint huweza kukataa kuandika kwenye diski hiyo. Saa nayo ilileta kizaazaa, kwani kila tukitoka Mint kwenda Windows ilirudi nyuma saa tatu: Linux huichukulia saa ya mashine kuwa ya kimataifa, Windows huichukulia kuwa ya hapa, na amri moja upande wa Mint ilizipatanisha. Windows hiyo haiunganishwi tena na mtandao. Publisher yenyewe imepangiwa kukoma kuhudumiwa Oktoba 2026, hivyo kila oda ya kadi inapoingia tunaichora upya kwenye Draw na kuihifadhi kama kiolezo, na zile ambazo hakuna mteja aliyeziulizia tunaziacha huko huko.