Chumvi ya Machozi

Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilipoipiga pwani ya Tanga, nilikuwa na umri wa miaka 11, nasi tulikuwa tukiishi Bweni, ng'ambo ya kusini ya Mto Pangani. Hospitali ilikuwa upande wa pili, mjini, na usiku ninaousimulia pantoni ilikuwa imekwisha lala. Baba alikuwa dago, yaani kambi ya uvuvi, na wavuvi wenzake. Mdogo wangu wa kiume, mwenye miaka 3, alikuwa ameharisha tangu adhuhuri hata mama akaacha kuhesabu.

Ninachokikumbuka kuliko vyote ni kilio chake, kwa kuwa alilia amekunja uso, midomo imemkauka, na mashavuni hapakuwa na hata tone la chozi. Mama mkubwa, muuguzi mstaafu aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alipofika aliifinya ngozi ya tumbo la mtoto kwa vidole viwili, akaiachia, akaiangalia ikirudi polepole mno. Hakusema alichokiona. Aliniagiza nichemshe maji, niyaache yapoe, kisha nichanganye sukari na chumvi katika kidumu cha lita moja, kama tulivyofundishwa shuleni.

Kipimo nilikijua, lakini sikukifuata. Sukari niliipima sawasawa. Nilipofika kwenye chumvi nilichota kijiko kikafura, nikaongeza na cha pili, kwa kuwa niliamini kwamba ugonjwa mkubwa hutaka dawa kali, na nilimpenda mno mdogo wangu nisithubutu kumpunjia. Mama mkubwa alikipokea kikombe, akaonja yeye kwanza, akatema, akatoka nje na kukimwaga kidumu chote.

"Mwanangu," akasema aliporudi, bila ukali, "umewahi kulamba machozi yako?"

Nikamjibu kwamba nimewahi.

"Basi maji haya yasiizidi chumvi ile. Yakiizidi, tutamkausha sisi wenyewe."

Tulichanganya upya kwa maji yaliyobaki sufuriani. Safari hii alinishika mkono: vijiko 6 vya chai vya sukari, kila kimoja kimesawazishwa juu kwa mgongo wa kisu, na chumvi nusu kijiko cha chai tu. Nikauliza kwa nini sukari, ilhali mtoto hakuwa na njaa. Aliniambia kwamba utumbo uliougua hauwezi kuipokea chumvi vizuri peke yake, bali sukari huivusha, na chumvi ikipita maji huifuata; lakini sukari nayo ikizidi, huyavuta maji kurudi tumboni na kuhara kunaongezeka. Miaka mingi baadaye nilisoma habari za daktari Dilip Mahalanabis, aliyewanywesha wakimbizi wa Bangladesh mchanganyiko wa namna hiyo katika kambi ya Bongaon mwaka 1971, dripu zilipowaishia, na vifo vikapungua sana. Nilipoisoma habari hiyo nilikiona kile kisu kikipita juu ya kijiko.

Ndiyo sababu hunijia wasiwasi nionapo jinsi vinywaji hivi vya chumvi na sukari vinavyopendekezwa siku hizi kama kitu cha kunywa kila asubuhi, chumvi ikitiwa kwa kukisia. Mtu mzima aliyekula ugali na mchuzi wake amekwisha pata chumvi ya kumtosha, na kiu yake ya kawaida huondolewa na maji matupu. Mimi huchanganya nikiwa nimelima juani saa nyingi na jasho limenikaukia shatini kwa michirizi myeupe, au mtu nyumbani anapoharisha. Nikishachanganya huonja, na kisichonywewa ndani ya saa 24 hukimwaga.

Usiku ule ulikuwa mrefu. Mama mkubwa alinipa kijiko kidogo akanikabidhi kazi ya kumnywesha, kijiko kimoja, kisha kungoja kidogo, kisha kingine. Alipotapika nilitaka kuacha, nikaambiwa ningoje dakika 10 na kuanza tena polepole zaidi. Mama alikuwa amempakata, akisoma dua kwa sauti ya chini, na mvua ilikuwa ikipiga makuti juu yetu. Karibu na alfajiri mama alishtuka, akaigusa kanga yake mapajani, akamwita dada yake kwa furaha: mtoto alikuwa amekojoa.

Jirani alituletea madafu kulipokucha. Mama mkubwa aliyapokea kwa shukrani, akaeleza kwamba dafu lina madini ya potasiamu ambayo maji yetu ya kidumuni hayakuwa nayo, ila chumvi yake ni haba, kwa hiyo lisishike nafasi ya kidumu bali lifuatane nacho. Tulivuka kwa pantoni ya kwanza, kwani hakutaka kabisa tubweteke kwa sababu ya usiku mmoja mwema, na hospitali tukapewa pakiti za ORS, unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, na maelezo yale yale ya kijiko kimoja kimoja.

Katikati ya mto mdogo wangu alitaka kushushwa aone maji. Mama akamkatalia, naye akaanza kulia kwa hasira. Mama mkubwa alimpangusa shavu kwa kidole gumba, akanionyesha kidole hicho kilivyolowa.