Kuwauliza waliowaua ndugu zangu: maandalizi niliyoyafanya nikiwa Mbeya

Ndugu zangu waliuawa Rwanda katika mauaji ya kimbari ya 1994, nami nilikwenda kuwauliza waliowaua. Swali la "kwa nini" nililiweka mwisho kabisa. Ukianza nayo utaambiwa serikali mbaya, shetani, ujinga, basi. Swali linalozaa jibu ni dogo: mlipita njia ipi, nani alitangulia, miili ilitupwa choo cha nani.

Kazi kubwa inafanyika huku Uyole kabla ya kukata tiketi ya Rwanda. Nunua kaunta buku, kila ndugu apate ukurasa wake: majina yote hadi la utani, nguo, meno, kovu, alikoonekana mwisho. Majina ya komuni, sekta na seli za 1994 yaandike sambamba na ya sasa, maana mipaka ya utawala Rwanda ilipangwa upya 2006 na wazee bado wanasimulia kwa majina ya zamani.

Wengi hapa wakisikia Arusha hudhani kila kitu kiko kule. Mahakama ile ya Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji ya Rwanda ilikuwa ya wakubwa, kama Akayesu, meya wa Taba, aliyehukumiwa 1998. Hukumu za mahakama hiyo husomwa bure mtandaoni na zinakupa mfuatano wa siku, ila mashahidi wengi wametajwa kwa herufi tu. Jirani aliyeshika panga alipita Gacaca, mahakama za kijamii za vijijini na mitaani, zilizofungwa Juni 2012. Sheria ya 2004 ilimtaka anayekiri aseme alichofanya, wapi, lini, na nani, na mabaki yako wapi. Kwa hiyo pata maungamo yake kwanza. Ubovu wa maungamo hayo ni kwamba wengi waliwataja wenzao waliokufa au kukimbilia Kongo. Aliye hai hawamtaji, wanapakana shamba.

Nilikwepa wiki ya kumbukumbu ya mauaji, Aprili 7 hadi 13, kila mtu huwa anapima maneno. Pitia kwa mwakilishi wa manusura wa eneo hilo, na mkalimani asiwe ndugu wa upande wowote. Hela usitoe kabisa, maana ukilipa utaletewa hadithi. Wauaji waone mmoja mmoja. Wakikaa kundi, mkubwa wao anaongea na wengine wanaitikia.

"Mzee, nionyeshe tu," kisha mpe karatasi achore: barabara, mto, migomba, choo. Usimwahidi kwamba hatashitakiwa, kosa hili halina ukomo wa muda. Ndiyo, wapo watakaonyamaza kwa sababu hiyo.

Michoro ya watu wawili wasiokaa pamoja ikiangukia sehemu moja, peleka taarifa kwenye uongozi wa sekta, wachimbe wao. Ukichimba mwenyewe utachanganya mifupa na nguo, na nguo ndizo unazolinganisha na kaunta buku.