Kumbukumbu ya mradi: kufundisha uandishi wa kazini kwa wanafunzi wa uzamili wa menejimenti

Wiki ya 1
Kazi ya kupimia imetolewa kabla ya somo lolote: memo (waraka mfupi wa ndani ya ofisi) ya maneno 300, dakika 40, kwa mkurugenzi anayetakiwa kuamua jambo moja. Sarufi si tatizo kubwa. Tatizo ni mpangilio: aya mbili za historia, aya ya namna uchambuzi ulivyofanyika, na pendekezo limejificha mkiani. Chanzo chake kinaeleweka. Darasani mtu hupata alama kwa kuonyesha njia aliyopita mpaka akafika kwenye jibu. Mkurugenzi anataka jibu kwanza, halafu sababu za kuliamini.

Wiki ya 2 na 3
Wiki mbili nzima kwa ufunguzi tu, na zinastahili. Mfano wa kufanyia kazi ubaoni:

“Kufuatia uchambuzi wa kina uliofanywa kuhusu hali ya uhifadhi wa bidhaa katika kampuni, imebainika kuwa kuna changamoto mbalimbali zinazohitaji kufanyiwa kazi.”

Maneno 21, na msomaji bado hajui anaombwa nini. Baada ya kuandikwa upya:

“Naomba kibali cha kukodi ghala la pili kabla ya Juni 1. Mwezi uliopita oda 40 kati ya 200 zilichelewa kwa sababu ghala la sasa limejaa.”

Maneno 25. Ufunguzi umerefuka, lakini sasa kuna ombi, tarehe, kipimo na sababu. Ndiyo maana agizo la “fupisha” peke yake halisaidii. Wanafunzi hukata tarakimu na kuacha maneno matupu.

Neno “changamoto” limepigwa marufuku kwenye rasimu. Anayelitumia aseme ni nini hasa: ucheleweshaji, hasara, upungufu wa watu. “Imebainika” nayo inaulizwa: nani kabaini? “Kufanya uchambuzi” inarudi kuwa “kuchambua”.

Kosa jipya lililozuka: pendekezo linahamishiwa mbele, lakini lile la mwisho halifutwi, na aya za kati zinabaki kwa mpangilio wa zamani. Dawa yake ni kuandika sentensi ya kwanza ya kila aya kwenye karatasi tupu na kuzisoma mfululizo. Kama hazitoi hoja inayoeleweka zenyewe, aya hazijapangwa bado.

Wiki ya 4
Jaribio la sekunde 30. Mwenzako anasoma memo, anaifunika, kisha anasema anaombwa afanye nini na kufikia lini. Akishindwa, rasimu inarudi kwa mwandishi, na mwandishi haruhusiwi kujieleza kwa mdomo. Hilo la mwisho ni muhimu mno: kazini memo husomwa mwandishi akiwa hayupo.

Wiki ya 5
Usahihishaji. Memo 24 kwa dakika 10 kila moja ni saa 4 kwa mzunguko mmoja, na karatasi iliyojaa wino mwekundu humfanya mwanafunzi arekebishe nukta na mikato huku hoja ikibaki ilivyo. Sasa kila rasimu inapata maoni mawili tu: moja la mpangilio, moja la sentensi. Alama zinatolewa kwa rasimu ya pili; zikitolewa mapema, maoni hayasomwi.

Wiki ya 6
Kugeuza slaidi kuwa maandishi ya mfululizo. Mwaka 2004 Jeff Bezos, mwanzilishi wa kampuni ya Amazon, aliondoa slaidi kwenye mikutano ya viongozi wake wakuu, zikaingia memo zinazosomwa kimya mwanzoni mwa kikao. Wanafunzi wakijaribu, wanaona haraka kwamba vidokezo viwili vya slaidi vilivyokaa jirani havikuwa na “kwa sababu” wala “ingawa” kati yao. Uhusiano huo ndio kazi yenyewe ya kufikiri.

Wiki ya 7
Barua za habari mbaya. Hapa kanuni ya jibu mbele inalegezwa kidogo: mteja anayekataliwa hupewa sababu moja fupi, kisha uamuzi ulio wazi, ndani ya aya ileile ya kwanza. Aya tatu za kubembeleza humpa tumaini la uongo.

Wiki ya 8 inayofuata
Swali lilelile la wiki ya 1, dakika 40 zilezile. Kitakachohesabiwa kwanza: ombi limetokea kwenye sentensi ya ngapi.