Pamba Kwenye Kopo

Mwaka 2011 nilikuwa na miaka 24, mwalimu mpya wa shule ya msingi katika kijiji kimoja nje kidogo ya Makambako, ukishaiacha barabara kuu ya Mbeya na kushika ile ya Njombe. Wakati huo bado tulikuwa mkoa wa Iringa. Mkoa wa Njombe ulizaliwa mwaka uliofuata. Nilitoka Tukuyu na begi moja, godoro, Biblia yenye zipu na sketi sita, zote za kufika kwenye kifundo cha mguu. Sketi ndizo zilizonitambulisha kabla sijafungua mdomo. Siku ya kwanza tu mwalimu wa zamu alinitazama chini hadi juu, akawageukia wenzake: "Haya jamani, tumeletewa mlokole. Pombe yetu ya ulanzi imeingia matatani."

Walicheka, na mimi nikacheka. Nilidhani ni utani wa kumkaribisha mgeni.

Neno lenyewe halina ubaya. Limetoka kwa Waganda, maana yake waliookoka, nalo lilisambaa na uamsho wa miaka ya 1930 kule Rwanda na Uganda. Lakini kwetu ukiitwa mlokole ujue kuna sentensi inafuata, na mara nyingi haikusifu. Hata mama yangu, Mmoraviani wa kuzaliwa, ambaye babu yake alibatizwa na wamisionari wa Rungwe, niliporudi kutoka chuo cha ualimu na wokovu wangu mpya aliniambia, "Mungu hana matatizo ya masikio, mwanangu."

Kwa hiyo nilizoea maneno. Kilichonisumbua pale shuleni ni kimya. Nikiingia chumba cha walimu, kicheko kinakatika kama redio iliyoishiwa betri. Mtu anakohoa. Mwingine anasema, "Karibu, Mtumishi," na mazungumzo yanahamia kwenye maandalio ya somo. Tulikuwa walimu 13, na ndani ya mwezi mmoja nilikabidhiwa mfuko wa chai, mfuko wa rambirambi na ufunguo wa stoo. Pesa waliniamini nazo. Ila nani anamchumbia nani, nani kagombana na mumewe, nani anadaiwa dukani, hayo niliyasikia baada ya mwanafunzi wa darasa la nne kuyasikia.

Niliishi nyumba ya shule pamoja na mwalimu aliyenizidi miaka kama kumi, Mbena wa palepale wilayani. Nilimwita Dada. Yeye aliniita mdogo wangu akiwa na furaha, na Mtumishi siku nyingine zote. Mcheshi sana, mnene wa wastani, fundi wa kukaanga viazi. Jioni tulikaa na jiko la mkaa katikati yetu, maana baridi ya Makambako mwezi wa sita haina mzaha, tukisikiliza redio. Ngoma za taarifa ya habari ya saa mbili zikianza tu kulia, Dada ananyanyuka anaingia jikoni. Kila siku. Hata akiwa katikati ya hadithi. Anakaa dakika mbili tatu, anarudi anafuta mdomo kwa ncha ya kanga.

Mimi nilishajua anafanya nini jikoni. Nilikuwa na hakika. Anakunywa, kisha ananificha kwa sababu nimeokoka. Nikamwandika kwenye daftari langu la maombi, ukurasa wa walevi, baada ya shemeji yangu wa Uyole.

Mwaka huo ndio ulikuwa mwaka wa kikombe. Kuanzia Machi redio haikuwa na habari nyingine zaidi ya Loliondo: Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kijiji cha Samunge, kikombe kimoja cha dawa shilingi 500, foleni ya magari isiyoonekana mwisho. Watu walipakia wagonjwa kutoka pande zote za nchi. Chumba cha walimu walinigeukia mimi kana kwamba yule mzee ni baba yangu mdogo. "Mtumishi, mwenzenu huyo anatibu mpaka ukimwi. Sasa mtawaambia watu watupe dawa?" Nilijaribu kueleza kwamba yule alikuwa Mlutheri, kwamba mchungaji wangu mwenyewe alikuwa amekipinga kikombe madhabahuni Jumapili mbili mfululizo, kwamba watu wa dini hatutoki chungu kimoja. Nani alisikiliza? Mwalimu wa hisabati alisema, "Nyie wote ni walewale, mnatofautiana sauti tu." Wakacheka. Dada alikuwa anasahihisha madaftari kwenye kona. Hakucheka, na wala hakuinua kichwa.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba Dada alikwenda mjini Makambako kwa shughuli zake. Nikaona nichemshe maharage ili akirudi akute mboga. Gunia lilikuwa lake, lakini tulikula pamoja. Nikaingiza bakuli mpaka chini, maana ya juu yalikuwa yameanza kubunguliwa, likagonga bati. Nikatoa kopo la kakao, mfuniko umebanwa kwa raba. Nilijiambia humu mna pesa, rudisha. Badala ya kurudisha nikalitikisa. Halikulia. Pesa za sarafu zingelia. Nikafungua.

Juu kulikuwa na pamba, pamba nyeupe ya duka la dawa, imeshindiliwa. Nikaivuta. Chini yake vidonge.

Sikuhitaji kusoma chochote. Mama yangu mdogo, Tukuyu, alikuwa anameza hivyohivyo. Yeye aliwahi. Mjomba wangu alifariki 2002, miaka miwili kabla serikali haijaanza kuzitoa bure, na mpaka leo nikisikia harufu ya uji wa ulezi namwona akisukuma kikombe kwa mkono ulioisha nyama. Kwa hiyo dawa zile kwangu hazikuwa habari ya kutisha. Zilikuwa habari njema, ukitaka kujua. Nilichokaa nikikitazama pale sakafuni, bakuli mapajani, ni ile pamba. Mtu ananyamazisha vidonge visilie, kwa sababu chumba cha pili nalala mimi.

Nikairudisha pamba, nikabana raba, nikalizika kopo, nikachemsha maharage.

Saa mbili usiku ngoma zikalia. Dada akaingia jikoni. Safari hii hakurudi baada ya dakika mbili. Aliporudi alisimama mlangoni, kopo mkononi.

"Nani kagusa maharage?"

"Mimi, Dada. Nilikuwa natafuta yasiyobunguliwa."

"Raba ilikuwa mizunguko mitatu. Sasa ni miwili."

Sikujibu. Redio ikaendelea na habari za Bunge.

"Umeshamwambia mchungaji wako?"

Nimeitwa majina mengi maishani, lakini swali hilo lilinikaa kuliko yote, labda kwa sababu aliliuliza bila hasira, kama mtu anayeuliza basi la mwisho limeshapita. Nikamwambia sijamwambia mtu. Nikamwambia habari za mama mdogo, kwamba mimi ndiye ninayempigia simu kumkumbusha tarehe ya kliniki. Aliniangalia.

"Na Mei mlikuja hapa mkakemea nini?"

Hapo ndipo nilipoishiwa. Mwezi wa tano akina mama wa kanisani walikuja kufanya maombi ya usiku sebuleni kwetu. Ukuta wa chumba cha Dada ulikuwa mbao tupu kuanzia usawa wa dirisha. Mama mmoja alikemea roho ya ukimwi, akaiamuru iwatoke wote waliomo kijijini na waliomo *katika nyumba hii*. Nasi tukaitikia kwa nguvu. Mimi niliitikia kuliko wote, ndiye mwenyeji. Nilipokuwa nikiitikia sikumfikiria mtu yeyote mwenye damu na nyama, zaidi ya kufikiria kwamba sauti yangu siku hiyo ilikuwa nzuri. Upande wa pili wa mbao Dada alikuwa kajifunika blanketi, anasikiliza anavyotolewa roho.

"Tulikuwa tunaomba," nikasema.

"Najua mlikuwa mnaomba. Nimekaa na nyie miaka yote, sijasema mnaroga."

Baada ya siku tatu alihamia nyumba ya mwalimu mwingine. Sababu aliyowapa watu ni kwamba mimi naamka saa kumi alfajiri kusali, yeye anakosa usingizi. Wote walielewa mara moja. Hakuna aliyeona haja ya kuuliza swali la pili. Hiyo ndiyo faida ya kuwa na mlokole kijijini, kila kitu kinaweza kumwangukia. Nilimsaidia kubeba kabati la vyombo. Gunia la maharage alilibeba mwenyewe.

Mwisho wa Septemba mtoto aligonga mlango na kikaratasi. Dada alikuwa ameteguka mguu kwenye utelezi wa kisimani, hawezi kukanyaga. Nikaenda. Alikuwa kitandani, mguu umefungwa kanga, na alipohakikisha mwenzake yuko nje akanipa kadi ya kliniki iliyokunjwa ndani ya gazeti.

"Tarehe yangu ni kesho. Zimebaki za siku mbili."

"Kwa nini mimi?"

"Nimtume nani mwingine? Wewe ndiye unayejua." Akanyamaza kidogo. "Na nilisubiri miezi miwili nisikie mtu ananisema. Sijasikia."

Kesho yake niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikapanda kosta mpaka hospitalini. Upande wa CTC, kliniki ya wenye VVU, watu wanakaa kwenye benchi refu na kila mmoja anasoma sakafu. Nilikuwa nimezoea benchi hilo kwa ajili ya mama mdogo, lakini kule Tukuyu hakuna aliyenijali. Hapa nilikuwa Mtumishi, na sketi ya bluu mpaka chini, na kadi mkononi. Muuguzi aliniuliza kama ndiye msaidizi wake wa tiba, nikasema ndiyo, akaandika, akanipa dawa za mwezi mmoja na somo la dakika kumi ambalo ningeweza kumfundisha yeye. Nilipogeuka na mfuko, mke wa mwalimu mwenzetu alikuwa anapita na mtoto mgongoni kwenda kliniki ya watoto. Tukatazamana. Yeye ndiye aliyewahi kuinamisha macho.

Jumatatu shule nzima ilikuwa na habari.

Sikuambiwa, bila shaka. Niliisikia dirishani kwa stoo, nikihesabu chaki. "Walokole bwana! Mchana haleluya, usiku kakanyaga miwaya." Na mwingine, kwa sauti ya huruma ambayo ilinichoma zaidi: "Ndiyo maana wanasali sana." Nilisimama na boksi la chaki. Ningeweza kutoka nikasema, si zangu. Neno hilo moja tu. Lakini kama si zangu ni za nani? Kijiji chenye watu wachache hivyo, mtu angehesabu kwa vidole: nani alikuwa anaishi naye, nani kateguka mguu wiki hiyo. Nikabaki ndani mpaka kengele ikagonga.

Jioni Dada akaja anachechemea na fimbo. Alikuwa ameshasikia.

"Nikawaambie?"

"Ukawaambie nini?"

Akakaa kwenye kiti chake cha zamani karibu na jiko. Tukanywa chai. Ngoma za saa mbili zilipolia akafungua mkoba, akatoa kidonge palepale, akaomba maji. Nilimpa. Aliponirudishia kikombe nikakumbuka ukurasa wa walevi, nikaona aibu ambayo sikumweleza, na sijamweleza hadi leo.

Jambo ambalo sikulitegemea ni hili: kuanzia wiki hiyo kicheko kiliacha kukatika nikiingia. Mwanzoni nilidhani hawajaniona. Mwalimu wa darasa la tano alimaliza mzaha wake wote kuhusu mkaguzi wa shule na suruali yake, mbele yangu, wa matusi kabisa, kisha akanisogezea karanga. Neno Mtumishi likafifia, nikawa Madam kama wengine. Mmoja akanisimulia ndoa yake. Mwingine, ambaye hakuwahi kunisalimia zaidi ya "kamwene", akaniomba nimwombee mwanawe, kwa siri, nyuma ya choo cha walimu. Nilikuwa mtu yuleyule mwenye sketi zilezile. Kilichobadilika ni kwamba waliamini nimeanguka, na mtu aliyeanguka anaweza kusogelewa. Niliifurahia hali hiyo na kuichukia kwa pamoja. Mpaka sasa sijui nigawanye vipi.

Utafiti wa taifa wa ukimwi wa 2011/12 ulipotoka, Njombe ilikuwa ya kwanza nchini kwa maambukizi: asilimia 14.8 ya watu wa miaka 15 hadi 49, wakati taifa zima ni asilimia 5.1. Karibu mmoja kati ya saba. Niliisoma namba hiyo gazetini nikawahesabu wale walimu waliokuwa wakicheka.

Lakini hiyo ni baadaye. Novemba, siku ya mishahara, nilikuwa natoka tena hospitalini, maana mguu wa Dada ulichelewa na mimi nilishazoea. Kwenye kosta nilikaa karibu na mwalimu wa hisabati, yule wa "mnatofautiana sauti tu". Harufu ya bia. Njia nzima hakusema kitu. Tulipokaribia kushuka, kosta likaruka kwenye tuta, na mfuko wangu ukalia, chaka chaka, kama kayamba. Abiria wa mbele akageuka.

Mwalimu akaegemea upande wangu, macho yake yako dirishani.

"Madam, usizibebe hivyo, zinasema. Nunua pamba ya mia tano, shindilia juu. Hazitalia."

"Asante, mwalimu," nikamwambia.