Norman Lear na Mamlaka ya Mwandishi juu ya Skripti Yake

Tangu nianze kuandika vichekesho vya televisheni hapa Dar es Salaam, hakuna mtu ambaye nimeifuatilia kazi yake kwa makini kama Norman Lear, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1922 na kufariki Desemba 2023 akiwa na umri wa miaka 101. Wengi humsifu kwa kalamu yake. Mimi namheshimu zaidi kwa sababu alikuwa mwandishi na mtayarishaji kwa wakati mmoja, na bila cheo hicho cha pili, mengi aliyoyaandika yasingewafikia watazamaji jinsi alivyoyakusudia.

Alianza kwa kuwaandikia vichekesho watu kama Dean Martin na Jerry Lewis, kazi ya kuagizwa. Baadaye alisikia habari za tamthilia ya Uingereza kuhusu baba mkaidi anayezozana kutwa kucha na mkwewe, akamwona humo baba yake mwenyewe, mtu aliyezoea kumwamuru mkewe anyamaze, naye akaandika toleo lake la Kimarekani. Kituo cha ABC kilipewa vipindi viwili vya majaribio, cha mwaka 1968 na cha 1969, na kikavikataa vyote. Kituo kingine, CBS, ndicho kilichokubali, na tamthilia hiyo, All in the Family, ikaanza kurushwa tarehe 12 Januari 1971.

Hata hivyo, CBS walitaka kauli moja ifutwe. Baba anarudi mapema kutoka kanisani, anawakuta binti yake na mumewe wamekumbatiana kimahaba, naye anahamaki kwa kutaja saa: saa tano na dakika kumi, asubuhi ya Jumapili! Lear aliwaambia kwamba kauli hiyo ikiondolewa, naye anaondoka, na kauli ikabaki. Kwa macho ya haraka ni jambo dogo, lakini kicheko chote cha tukio lile kimekaa katika zile dakika kumi, kwa kuwa ndizo zinazotuonyesha mzee anayeona aibu na kujificha nyuma ya saa.

Mwandishi wa hapa kwetu analielewa jambo hili vizuri. Chukua nyumba ya kupanga ya Manzese yenye wapangaji sita na mita moja ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Umeme ukikatika usiku, mwenye friji anadai yeye si mlaji mkubwa kuliko mwenye pasi, mama wa chumba cha mwisho anasema taa yake ni moja tu, na kila mmoja anasema kwa dhati kabisa. Hapo kuna kichekesho ambacho hakihitaji mtu kuanguka wala kuvaa nguo za ajabu. Tatizo ni kwamba skripti ya namna hiyo ikitoka mikononi mwa mwandishi, mdhamini anaomba ugomvi upunguzwe, mwongozaji anaongeza mtu wa kuteleza kwenye ndoo, na mwandishi anayaona hayo siku ya kurushwa, kama jirani yeyote.

Sisemi kwamba mamlaka peke yake yanatosha. Katika Good Times, tamthilia ya familia maskini ya Chicago ambayo Lear aliitayarisha, John Amos, aliyeigiza baba, alilalamika kwamba kijana mkubwa anageuzwa kinyago cha kuchekesha huku wadogo zake wenye ndoto za maana wakisahauliwa. Mwaka 1976 Amos aliondolewa, na mhusika wake akafanywa amekufa katika hadithi. Naamini Amos alikuwa sahihi, na tamthilia ilipoteza uzito wake baada ya hapo. Mtayarishaji aliyepigania kauli yake mbele ya kituo alipaswa kumsikiliza mwigizaji aliyepigania utu wa mhusika.

Kwa hiyo, katika mkataba wa tamthilia ninayoiandika sasa nimeomba mambo mawili: jina langu liwe pia miongoni mwa watayarishaji, na waigizaji wakuu wasome kila skripti pamoja nami kabla ya siku ya kurekodi. La pili limekubaliwa. La kwanza bado tunalijadili.